Kigauni cha Droo ya Chini

Wifi yangu alikuwa mshonaji, tena alikuwa mkaidi. Ushonaji ulimletea wateja, ukaidi uliniletea mimi maumivu ya kichwa. Alishona vitu vya watoto wachanga: vigauni, kofia, bibu, mbeleko, vibegi vya nepi, na mablanketi ya viraka aliyoyaunga kwa mashati ya baba mtu na magauni ya bibi mtu. Kila mtoto aliyezaliwa kwenye ukoo wetu alipokelewa na kazi ya mikono yake, na wengi wa mtaani pia ambao hatuhusiani nao hata kwa chumvi. Watoto walimwita Shangazi Sindano, hata wale ambao hakuwa shangazi yao.

Sasa ukaidi wenyewe ni huu: alikuwa hamalizi kazi. Namaanisha hivyo hivyo ninavyosema. Atashona kigauni mpaka utamani kuwa mchanga tena, pindo limelala, vifungo vimekaa, halafu chini ya kwapa la kushoto ataacha mwanya wa kupitisha kidole. Aliuita mlango. Kwenye kofia mlango ulikuwa utosini, kwenye blanketi ulikuwa kwenye pembe. Na mlango haufungwi mpaka mtoto azaliwe na yeye mwenyewe amsikie akilia. Kuambiwa hakutoshi. Asikie kwa masikio yake.

"Wahenga walisema usikate kanzu na mwana hajazaliwa," nilimwambia siku moja. "Wewe umekata, umeshona, umepiga na pasi. Hicho kitundu kinasaidia nini?"

"Kukata nimekata," akasema. "Kufunga sijafunga. Menya viazi vyako, wifi."

Wateja walizoea. Zamani alikuwa anakwenda mwenyewe, sindano ameichomeka kifuani, anasimama nje ya chumba cha mzazi mpaka kitoto kilie, ndipo anakaa hapo hapo kizingitini na kufunga. Miguu ilipoanza kumsumbua ikawa kwa simu. Nimeshuhudia kwa macho yangu mwalimu mzima, mtu na heshima zake, amekuja kuchukua gauni huku mkewe yuko hewani, anapiga kelele, "Mfinye! Mfinye kidogo alie!" kwa sababu mtoto alikuwa amelala usingizi wa pono. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wifi hakucheka. Aliinamisha sikio kwenye simu, akasikiliza, akashona, akakata uzi kwa meno.

Chumba chake kilikuwa cha nyuma, dirisha lake linatazama uchochoro na ukuta wa jirani. Mle ndani mlikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia, kabati la droo ambalo droo yake ya chini haikufunguliwa na mtu, na kigoda kidogo kando ya pedali ambacho hakikukaliwa na mtu. Nilipoletwa pale nikiwa bibi harusi sikuambiwa lolote. Siku ya kwanza nikakikalia kigoda, sahani ya viazi mapajani, nijidai mkwe mwenye bidii.

"Inuka hapo, wifi," akaniambia taratibu, bila hata kuacha kushona. "Pana mtu."

Nikatazama. Hapakuwa na mtu. Niliinuka na viazi vyangu, malaika ya mikono yamenisimama yote.

Mimi si mtu wa kuamini mambo hayo, naomba lieleweke mapema. Lakini masikio sikuyaazima kwa jirani. Baada ya chakula cha mchana wifi alikuwa na desturi ya kujinyoosha chumba cha mbele kwa ajili ya mgongo. Nyumba inatulia. Basi hapo ndipo pedali inapoanza kule nyuma, taka-taka, taka-taka, polepole, inakatika, inaanza tena, kama mtoto anayechezea kitu alichokatazwa. Mara ya kwanza nilivamia na ufagio mkononi. Cherehani imetulia tuli. Panya, nikasema. Upepo, akasema mume wangu. Baadaye tukamsingizia paka wa jirani, miaka na miaka, maskini, na alipokufa pedali haikuacha.

Na wifi alikuwa anaongea mle ndani. "Toka miguuni, nitakubana." "Usivute uzi bwana, utanichanganyia." Sauti yenyewe si ya kichaa wala ya mtu anayeota. Ilikuwa sauti ya mama aliyechoka kidogo tu, ile ile niliyokuja kuitumia kwa wanangu mwenyewe. Hiyo ilinitisha kuliko pedali.

Mume wangu alinieleza mara moja, tena kwa mkato, anatazama pembeni. Dada yake aliwahi kuolewa. Alikuwa na mimba ya miezi yote, anamshonea mtoto wake kigauni cha kwanza, na uchungu ukamshika akiwa kwenye mshono wa kwapa la kushoto. Akaacha sindano imening'inia, akapelekwa hospitali. Huko mambo yakaharibika, akapasuliwa akiwa usingizini. Alipozinduka akaambiwa mtoto hakulia, na ameshazikwa. Hakumwona. Hakumsikia. Wazee waliamua ni afadhali hivyo, wakakataza mtu yeyote asimwambie neno zaidi, eti atasahau mapema. Mumewe ndiye aliyesahau mapema, akaoa kwingine. Yeye akaja kwa mdogo wake na cherehani, na kigauni kile.

"Basi," mume wangu akasema. "Na wewe usimwulize."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikanyamaza, nikajifunza kukizunguka kigoda. Wanangu nao wakakua wanakizunguka, na hakuna aliyejua kwa nini, kwa sababu hata wao tuliwaambia wasiulize.

Binti yangu mkubwa, wifi alimwita Kiherehere tangu anatambaa. Mikono yake haijui kutulia. Acha kitunguu mezani, ukirudi kimemenywa na maganda yamefagiwa. Aliolewa na dereva wa malori, kijana mpole, mkwe wa kujivunia. Mimba ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ilipoingia daktari akasema binti apumzike, asiinue hata ndoo, basi wakamleta kwangu. Loo, zile siku! Akienda chooni nasimama nje nasikiliza. Akikohoa natoka jikoni na mwiko mkononi. Nilikuwa simwombi Mungu kingine chochote, mtoto huyu tu, alie mara moja nimsikie.

Wifi akamshonea. Macho yalikuwa yameingia ukungu kwa hiyo alishona kwa kupapasa, na Kiherehere alikaa mezani anamtilia uzi. Kigauni cheupe, cha flana nyepesi, na mfukoni kiraka cha shati la babu mtu. Wakamaliza, ukabaki mlango. Kikakunjwa, kikawekwa droo ya juu kusubiri.

Sasa sikia lililotupata. Adhuhuri moja mimi nimekwenda sokoni, mume wangu yuko kazini, wifi amejinyoosha chumba cha mbele. Kiherehere amechoka kupumzika. Akaona ampangie shangazi yake kabati, amfurahishe. Akafika droo ya chini. Ndani akakuta foronya imekunjwa, na ndani ya foronya kigauni cheupe kilichogeuka rangi ya maziwa, mlango wa kwapa uko wazi na uzi umening'inia.

Mtu mwingine angekiacha. Lakini huyu alikulia kwenye nyumba ya milango ile, anajua sheria yake: mtoto akishalia, unafunga. Na watoto wote wa ukoo walishazaliwa, wakalia, wengine wameota ndevu. Kwa hiyo akajua moja kwa moja kwamba shangazi alikisahau. Akatia uzi, akafunga kwa vishono vidogo vidogo alivyofundishwa na mwenyewe, akapiga fundo, akakata. Akangoja shangazi aamke.

"Shangazi, kuna kimoja ulikisahau. Nimekufungia."

Wifi akakipokea. Hakuhitaji macho. Kidole kikaenda moja kwa moja kwenye kwapa la kushoto, kikatafuta mwanya, kikarudi, kikatafuta tena.

"Umefunga," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Na yeye je?"

"Nani?"

"Umemfungia nje," wifi akasema, kwa sauti ndogo kabisa.

Nilirudi na kapu langu nikamkuta mwanangu analia kwikwi, mikono yote miwili tumboni. Nilipoambiwa nilipandwa na hasira ambayo hata sijui niielekeze kwa nani. Nikamfokea binti kwa kiherehere chake. Nikamfokea wifi, amtishe mjamzito kwa mambo ya vigoda! Nikamfokea na muuza nyanya aliyekuwa anapita uchochoroni na hajui hili wala lile. Wifi alikaa mbele ya cherehani, kigauni mapajani, uso umeelekea kigoda.

Kesho yake baada ya chakula pedali haikulia. Siku ya tatu haikulia. Utadhani ningeshangilia, mimi niliyeilaani miaka yote ile. Jamani, sikushangilia. Ukimya ulikaa ndani ya nyumba ile ukawa mzito kuliko kelele. Nilijikuta nimesimama koridoni nimeshika bakuli, nasubiri. Wifi hakushona tena. Hakumwambia mtu atoke miguuni. Alikuwa anafika mlangoni mwa uani, anaufungua, anatazama nje, anaurudisha bila kuubana. Usiku na mchana ule mlango ukawa haubanwi, na mimi naona, sisemi.

Na Kiherehere ndiye aliyezidi. Akaacha kula. Anakaa na kiganja juu ya tumbo anasubiri mtoto acheze, na akicheza haamini.

"Mama," akaniuliza, "kama nimemfungia wa shangazi, wangu atapita wapi?"

Nilitaka kumwambia huo ni upuuzi. Neno lilifika ulimini, nikalimeza. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nikachukua wembe, nikaenda chumba cha nyuma.

"Lete hicho kigauni nikifumue, tuishe," nikasema.

"Kitambaa kimechoka. Utakichana."

"Basi unataka nini, wifi? Niambie! Mwanangu hali, halali, amepoteza wawili! Unataka apoteze na huyu kwa ajili ya kitundu?" Na hapo likanitoka lile ambalo hakuna aliyewahi kulisema kwenye nyumba ile. "Mwanao hayuko nje! Mwanao alizikwa!"

Aliinua uso. Macho yale ya ukungu yakanitazama sawasawa.

"Alizikwa na nini?" akauliza.

Sikuelewa.

"Nguo yake ninayo mimi hii hapa. Nakuuliza, alizikwa na nini mwilini? Mnaniambia alizikwa, alizikwa. Mtoto wangu alitoka hospitali amevaa nini?"

Nyuma yangu nikasikia kikombe kinawekwa chini. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, ametoka kazini, sijui tangu saa ngapi. Akaingia, akakaa sakafuni, mbali na kigoda. Mtu mzima yule mwenye mvi.

"Nilimvika shati langu, dada," akasema.

"Wewe?"

"Mimi ndiye niliyempokea. Walimtoa kwenye shuka la hospitali, wakataka shuka lao. Nikavua shati."

"Lipi?"

"Lile la mistari ya buluu. Ulilonigeuzia kola."

Kola ikichakaa, mshonaji huifumua, huigeuza upande mzima ukae juu, akaishona tena. Kazi ya kuumiza macho. Huifanyi kwa mtu usiyempenda.

"Lilikuwa safi?"

"Ulilipiga pasi mwenyewe asubuhi ile."

"Mikono ilikuwa mirefu."

"Nilimkunjia. Nikamfunga vifungo vyote, mpaka cha juu. Kola ilimfika hapa." Akajigusa mashavu. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hajali. "Alikuwa wa kike, dada. Ana nywele nyingi. Wazee walinikataza nisikwambie, na mimi nilikuwa kijana, nikaogopa. Baadaye nikaona nimechelewa."

"Wa kike," wifi akasema.

Akalirudia neno lile mara kadhaa, analijaribu kinywani. Halafu akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na sitaki kumwona mtu mwingine akilia hivyo. Mimi mwenyewe nilipiga magoti pale nimemshika miguu, na wembe bado uko mkononi, ni ajabu sikumkata.

"Basi hakwenda uchi," akasema mwishoni. "Alikwenda na kazi yangu."

Kiherehere alikuwa ameshaingia, amejibanza kwenye meza ya kukatia, amesikia yote. Wifi akamwita, akamshika tumbo.

"Wewe hukumfungia mtu, mama. Ila ulifunga bila kusikia kitu, na mimi kazi ya hivyo siitaki nyumbani kwangu." Akanigeukia mimi. "Fumua, wifi. Polepole."

Nikafumua. Nilikishika kigauni kwenye mwanga wa dirisha, nikakata kishono kimoja kimoja kwa ncha ya wembe, mimi nisiyeamini, pumzi nimeizuia mpaka binti yangu akaniambia, "Mama, pumua." Kitambaa hakikuchanika. Wifi akapitisha kidole mlangoni, akaitikia kwa kichwa, akakirudisha kwenye foronya.

Siku ya pili yake, vyombo vya mchana havijakauka, pedali ikaanza. Taka-taka. Tulitazamana jikoni, mimi na Kiherehere. Akacheka, kicheko cha kwanza tangu mkasa ule, akachukua sahani akala ukoko wote wa sufuria. Mimi nikasema ahsante, Mungu anisamehe, na wala sijui nilikuwa namshukuru nani.

Siku ya kujifungua ilipofika nilikwenda hospitali, nikarudishwa. Nesi alisema, "Mama, nenda nyumbani ukapumzike," lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nawafundisha kazi yao. Akabaki mkwe wetu. Nilirudi asubuhi ile nimenuna, nikamkuta wifi amekaa mbele ya cherehani, amevaa gauni lake la kutokea.

"Nitilie uzi sindano mbili," akasema.

"Mbili za nini? Moja haitoshi?"

"Nyinyi wenye macho hamkosi maneno. Tia."

Nikatia. Tukakaa. Nilitembea kutoka dirishani hadi mlangoni mpaka akanikemea namtia kizunguzungu. Simu ilipolia nusura niiangushe.

"Mama," mkwe wetu akasema, "amezaliwa."

"Analia?"

Kimya.

"Baba, nakuuliza, analia?"

"Wanamfuta, mama. Wamemgeuza. Sijui, wamenizibia, sioni..."

Nilimtazama wifi. Alikuwa amenyoosha shingo, sindano iko hewani, na mkono wa kushoto ameushusha kando, juu ya kigoda, kiganja kimetulia kama kimemshika mtu begani. Katika simu kulikuwa na vyuma vinagongana na mtu anasema haraka haraka, halafu hakuna.

Halafu akalia. Jamani, kililia kitoto kile! Kilio cha hasira, cha mtu aliyeamshwa bila ruhusa, damu yangu mwenyewe. Nikapiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Mkwe analia, mimi nalia, na kwa mbali nasikia Kiherehere anasema, "Nipeni, nipeni, nimnyamazishe."

"Msimnyamazishe!" Wifi alipaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Mwacheni alie! Nina milango miwili!"

Ndipo nilipoona. Vigauni vyote viwili vilikuwa mapajani pake, cha droo ya juu na cha droo ya chini. Akaanza na kile cha zamani, maana mkubwa hutangulia. Kidole kikatafuta mwanya, sindano ikaingia, ikatoka, na kila kishono alikuwa anainamisha sikio kwanza, asikie, ndipo avute uzi. Nilishika simu kwa mikono miwili karibu na uso wake, nimesimama kando ya kigoda, naangalia nisikiguse.

"Mama, anataka ziwa," Kiherehere akasema kwenye simu, sauti imemkauka. "Nimpe jamani? Analia sana."

"Subiri kidogo, mwanangu," nikamwambia. "Dada yako hajamaliza kuvaa."